Matundu Mia Moja Arobaini na Nne ya Wankyo

Wankyo ni fundi seremala hapa Nyasho, na kabla hujauliza, ndiyo, ni mwanamke. Watu walishamaliza kushangaa. Randa na patasi alifundishwa na baba yake. Ile mashine hakufundishwa na mtu.

Ni mashine ndogo ya kuchonga, inakaa juu ya meza, inaongozwa na laptopu. Ina biti, kisu chembamba kinachozunguka na kula mbao kwa kufuata mchoro. Ili iingie, ng'ombe wawili alioachiwa na baba yake walitoka. Ukoo ulinuna. Kwetu ng'ombe anauzwa mtu akiugua au mtoto akienda shule. Kuuza ng'ombe ununue kitu kinachopiga kelele, hilo lilikuwa jipya.

Ndipo Mzee Masatu, mzee wa kanisa kutoka Manyamanyama kule Bunda, akamwagiza sinia sita za kubebea vikombe vya Meza ya Bwana. Mbao ya mkongo, kila sinia matundu ishirini na nne, kila kikombe kikae kwenye tundu lake kisicheze. Angezifuata Jumamosi asubuhi. Zikimpendeza, mimbari na mabenchi ya kanisa jipya ni kazi ya Wankyo. Zikikosekana, anavuka barabara kwa Shija, anayechonga kwa mkono.

Jumatano nzima ikatoka sinia moja. Tundu moja, robo saa. Usiku mashine haiwashwi, nyumba zetu zimebanana na watu wanalala. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona hesabu inakataa.

Alhamisi mchana nikampelekea chakula, maana mimi napika hapo jirani. Shija alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shemeji," anamwambia Wankyo, "hiyo mashine inachonga au inasali?"

"Inakuombea wewe upate wateja," Wankyo akamjibu bila kugeuka.

Shija akacheka, akaenda zake. Wankyo hakucheka. Akakaa juu ya kipande cha gogo, akavuta sahani.

"Si uiongeze mwendo?" nikamwuliza.

"Mkongo ni mgumu, dada. Biti zenyewe mpaka Mwanza, na nimebaki na mbili. Nimeipunguza isivunjike. Haraka haraka haina baraka."

Methali hiyo imewachelewesha wengi. Nikachota lile vumbi la mezani. Lilikuwa unga mtupu, wa moto, linanuka kuungua. Nikatazama biti inavyofanya: inazunguka tundu zima ikikwangua ngozi nyembamba, inashuka kidogo, inakwangua tena.

"Mashine yako haijui kula," nikasema. "Inakulaga ugali kwa kukwangua juu juu kama kuku. Ugali si unamegwa pembeni?"

Nilikuwa natania tu. Yeye aliacha kutafuna. Akautazama ugali wangu wa muhogo na mtama, akaumega pembeni kuanzia juu mpaka chini, akaushika hewani hata mchuzi wa samaki furu ukapoa.

"Ncha ya biti ndiyo inafanya kazi yote," akasema polepole. "Ubavu mzima umelala."

Akaosha mikono. Akachukua kipande cha mkongo kilichobaki, akatoboa katikati kwa keekee, ili biti ipate pa kushukia. Kwenye laptopu akaipangia upya: ishuke mpaka nusu ya kina kwa mara moja, kisha imege pembeni vipande vyembamba, ikizunguka na kutanuka, na mwendo uongezwe. Mwisho ipite taratibu ukutani, kusafisha. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Kuvunja biti ni jambo moja. Kuvunja biti mbele ya barabara nzima ni jambo lingine.

Ikashuka. Ule mlio wa kulialia ukageuka ngurumo. Pembeni yakaruka maganda, maganda kweli, si unga. Nikaligusa moja, lilikuwa vuguvugu tu. Dakika tatu, tundu limekwisha.

"Kumbe nilikuwa naiua kwa kuihurumia," akasema.

Ijumaa kabla jua halijazama sinia ya sita ilikuwa mezani. Jumamosi Mzee Masatu akaja na kikombe chake mfukoni, akakipachika tundu moja baada ya jingine. Sinia tano zikapita. Kwenye ya sita kikombe kikatikisika. Akahama tundu, kikatikisika tena.

"Binti, hapa vipi?"

Nikaomba moyoni Wankyo adanganye kidogo. Hakudanganya. "Hii niliibana kwa klampu mbili tu, mzee, nikikimbizana na jua. Mashine ikienda kasi inataka nne. Mbao ilicheza. Kosa ni langu."

"Na kesho ni Meza ya Bwana."

"Unipe saa moja na nusu."

Mzee akamtazama. Alishasikia habari za robo saa kwa tundu, Shija alihakikisha. Wankyo akaweka mbao mpya, akaibana pembe zote nne, akaisukuma kwa kiganja. Haikutikisika. Akawasha.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Angeendelea na ule mwendo wa kwanza, kosa moja lingemmaliza. Upole wake haukuwa umemwachia hata nafasi ya kukosea.

Tundu la kumi lilipokatika, Mzee Masatu alivua koti, akaniagiza chai, akamwuliza Wankyo mimbari ya mkongo inaweza kuwa nzito kiasi gani.