Waya wa Msikitini

Abbasi alishuka kwenye baiskeli akasema jambo, Sihaba asilisikie. Sabufa ilikuwa inanguruma, bibi harusi anatolewa nje, wanawake wa Ikwiriri wanapiga vigelegele. Akamwonesha kwa mkono asubiri. Abbasi, mtoto mkubwa wa kaka yake, akamshika bega.

"Shangazi, zima muziki. Baba hatunaye."

Akazima.

"Mbona msikiti haukutangaza?"

"Watangazie nini? Kipaza sauti hakina waya. Watu wote wako bondeni wanavuna mpunga, nani atajua?"

Sihaba akautazama waya mweusi uliotoka kwenye redio ukaingia nyuma ya sabufa. Ndio huo.

Bidhaa za nje ziliporuhusiwa, maduka ya Kibiti yakajaa maredio, Sihaba aliacha kukaanga vitumbua akanunua redio na sabufa, akodishe harusini. Muuzaji alimtolea nyaya mbili.

"Huu mwembamba ndio wa sauti, mama. Uzi wa ndani umezungushiwa nyavu, hauingizi mvumo."

"Mwembamba hivyo utabeba besi gani? Nipe ule mnene."

"Ule wa taa, mama."

"Wewe nipe. Kanga tu nachagua nzito, seuze waya?"

Harusi ya kwanza sabufa ikavuma kuliko wimbo wenyewe. "Bi Sihaba," mwenye shughuli akauliza mbele za watu, "umetuletea muziki au mzinga?" Kurudi Kibiti kwa yule muuzaji na kukiri kuwa alimwonya, hakuweza. Akaenda kwa kaka yake Abdulatifu, muadhini wa msikiti wao kule Umwe. Kaka akausikiliza ule mvumo, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaenda kuuchomoa waya wa kipaza sauti.

"Chukua ujisitiri, dada'ngu. Koo ninalo. Ila Ijumaa uurudishe."

Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Ulikuwa msimu wa harusi, na sabufa sasa ilitoa besi safi, watu wakamsifu. Abdulatifu akawa anasimama kwenye ngazi ya msikiti, kidole sikioni, anaadhini kwa sauti kavu.

"Muadhini, msikiti una mafua?" mtani wake Tabu alikuwa akimpigia kelele kutoka barabarani.

Yeye hucheka tu. Walipomuuliza waya uko wapi, alijibu, "Utarudi." Akikutana na dada yake, humuuliza, "Mgeni wetu hajambo?" Naye Sihaba hujibu, "Kesho, kaka."

Mtu huyu ndiye aliyewatangaza wafu wote wa Umwe, jina, mtoto wa nani, atazikwa saa ngapi. Leo yeye hana wa kumtangaza.

Sihaba akauchomoa waya, akaufunga kwenye upindo wa kanga, akapanda nyuma ya baiskeli. Karibu na msikiti Abbasi, aliyekuwa ameuona, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi, shangazi. Nitauchomeka kimyakimya, hakuna atakayejua."

Alitaka kumpa. Mungu ndiye ajuaye alivyotaka. Lakini wangesema Abdulatifu ndiye aliyeuficha, na yeye hayupo tena wa kujitetea.

Akaenda mwenyewe mpaka kwenye ngazi, kwa Mzee Mwinyimvua, imamu, aliyekaa na wazee wengine.

"Shikamoo, mzee. Waya ulikuwa kwangu. Kaka alinisitiri, mimi nikaukalia."

"Kumbe waya wa msikiti ulikuwa unapiga muziki wa harusi!" mmoja akasema.

Sihaba akafungua upindo, akautoa. Imamu akaupokea.

"Tulimuuliza mara nyingi. Hakukutaja hata siku moja."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yale ya kwanza.

Punde kipaza sauti kikakoroma, kikatulia. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Abdulatifu, muadhini wetu, atazikwa baada ya sala ya alasiri." Watu wakaanza kupanda kutoka bondeni, miguu ina matope.

Baada ya maiti kuoshwa na kuvishwa sanda, wanawake wa nyumbani waliitwa kuaga. Uso ulikuwa umeachwa wazi. Sihaba akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, kaka," akamsomea Fatiha. Kisha uso ukafunikwa. Wanaume wakaingia, wakambeba, wakatoka naye wakimtaja Mungu. Wanawake wakabaki uani. Aliswaliwa alasiri, akazikwa kando ya mama yao.