Uweso, Mama na Kisima cha Mkokoni

Kwenye hitima ya Uweso bin Mwinyijuma walisimama watu watatu kumsifu, sisi wanawake tukiwasikia kutoka uani. Wa kwanza alisema marehemu alifundisha jiografia miaka thelathini na hakukosa kipindi. Kweli. Wa pili alisema alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo wa pwani yetu kwenda Makerere kusomea elimu ya ardhi na maji. Kweli pia, nilimwona kwa macho yangu na sanduku lake la bati siku aliyopanda gari la moshi. Wa tatu, ambaye Mkokoni hajaikanyaga, alisema marehemu ndiye aliyegundua siri ya kisima cha Mkokoni. Hapo niliinuka, nikajifunga kanga yangu, nikarudi nyumbani kwangu Nguvumali kabla wali haujapakuliwa.

Binti yangu akanifuata nyuma. "Mama, hata maiti unamkasirikia?"

"Na maiti sina ugomvi," nikamwambia. "Ugomvi wangu ni na yule aliyesimama mwisho."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne la wakati ule si la kuchezea. Nitayaandika kama nilivyoyaona.

Uweso alikuwa mtoto wa mjomba wangu Mwinyijuma, karani wa reli pale Ngamiani, Tanga mjini. Alipewa jina la babu yetu, na kwa hiyo mama yangu, Mboni binti Uweso, hakuwa akimwita kwa jina. Alimwita Baba. "Baba amekula? Baba amekuja na viatu vipya." Toka akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni ilikuwa hivyo, na mama hakuwa mtu wa kugawa maneno matamu. Sisi watoto wake aliotuzaa alituita "wewe".

Mkokoni ni kijiji kaskazini ya Tanga, mikoko mbele, minazi nyuma. Kisima chetu kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka baharini na maji yake matamu. Kila alfajiri, baada ya sala, mama aliteremsha kata yake, akaonja, akatema, akaonja tena. Akisema "chota," tulichota. Siku za bamvua, bahari inapojaa sana mwezi ukiandama au ukipevuka, chumvi ilipanda mpaka kisimani. Siku hizo mama alilaza kuti juu ya mdomo wa kisima, na hapakuwa na mwanamke wa kuliondoa. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na wake. Ulimi wa mama ulikuwa chombo cha kijiji.

Mwaka wa hamsini na sita Uweso alikuja likizo ndefu. Ilikuwa mwezi wa nne na masika yamechelewa, mbingu kavu kama sufuria. Alikuja na kasha la chupa, utepe wa kupimia, na kidude cha dawa aliyokuwa akiidondosha majini, maji yakageuka meupe. Yakizidi chumvi, yanazidi weupe. Dawa ile ilimwacha na vidole vyeusi kama vya mchoma makaa. Alitakiwa aandike juu ya maji ya visima vya pwani, na bila hiyo kazi hapiti mtihani wake.

Wanaume hawakumpenda tangu siku ya kwanza. Kule juu, vijiji vya mbali na bahari, wapimaji ardhi walipita na minyororo yao, wakanywa madafu ya watu, wakashukuru. Mwaka uliofuata mkonge ukapandwa mpaka makaburini. Kwa hiyo Uweso alipotandaza utepe kutoka kisimani mpaka ufukweni, Zubeiri mkwezi, aliyekuwa juu ya mnazi, alipaza sauti: "Pima, bwana, pima! Nyuma ya utepe huja mkonge!"

"Mimi ni mtoto wa hapa," Uweso akajibu.

"Mtoto wa hapa huvaa soksi?"

Mama ndiye aliyemlinda. Aliyemgusa Baba alikuwa amemgusa yeye, na hakuna aliyetaka kugombana na mwenye kisima.

Asubuhi ya tano Uweso alikuja kisimani na vikombe vitano vya maji kwenye sinia. Wanawake tulikuwa wengi, na wanaume kadhaa wamesimama pembeni kutafuta la kucheka.

"Shangazi," akasema, "leo nataka kuupima ulimi wako."

"Pima wa mkeo utakapooa," akadakia Mwamvua, jirani yetu, "huo ndio utakaokuwa mrefu."

Tukacheka. Mama akanyoosha mkono. "Lete, Baba."

Akaonja kimoja kimoja, akisukutua kati. Kisha akavipanga. "Hiki cha hapa. Hiki cha kisima cha msikitini. Hiki umechota hapa hapa siku ya bamvua, kina ukali. Na hivi viwili ni maji mamoja, umeyagawa ili unitege."

Uweso akafungua karatasi yake. Vyote vitano sawasawa. Akadondosha dawa, na dawa ikasema alilosema mama. Furaha ikampanda kichwani, akajipiga paja, akawageukia wanaume.

"Mnaona? Huko nimesoma habari za mbwa wa polisi, hunusa nyayo za mwizi maili kumi. Basi shangazi yangu ni mbwa wa maji!"

Akacheka peke yake.

Nasikia wanaomtetea wakisema alikusudia kusifu. Huenda. Tangu ana miaka kumi alikuwa kwenye shule za bweni za bara, labda huko mbwa ni sifa. Kwetu mbwa akiramba chombo, chombo huoshwa mara saba. Na yeye alimwambia hivyo mtu ambaye ulimi wake ndio unaotangulia maji tunayotawadhia, mbele ya watu, na ni dada wa baba yake.

Mama aliweka kikombe kwenye sinia, polepole. "Asante, Uweso," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka jina hilo kwake. Na yule kijana, msomi wa mito na milima, alijua hapo hapo amepoteza nini. Uso ulimshuka. Alileta sukari ratili mbili, zilirudishwa. Alimtuma mjomba Mwinyijuma aje kumwombea. Mama alimpikia kaka yake, akamuuliza habari za reli, akamsindikiza. Kila asubuhi Uweso alisimama mlangoni kwetu: "Shikamoo, shangazi." Mama alipita na kata yake kama anayepita kwenye nguzo. Kwetu, alikokuwa amefikia, Uweso alihama, akapanga chumba kwa watu.

Wiki mbili zikapita, mvua hakuna. Ndoo ikawa inateremka na kurudi na matope. Ijumaa baada ya sala wanaume walikusanyika kisimani na majembe na mtaimbo. Walitaka kukichimba kiende chini.

Uweso alikuja mbio, akasimama mbele yao. "Msichimbe! Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Pale chini kuna jiwe jeupe. Mkilitoboa, bahari itapanda."

"Nani kakutuma?" Zubeiri akamuuliza. "Mwenye mkonge?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mtu hapimi bure. Unataka tufe kiu tuhame, ukawaambie njooni, pako wazi."

"Wallahi, Zubeiri, mimi..."

"Usimwapie Mungu kwa vidole vyeusi hivyo!"

Mzee mmoja akasema kelele za nini, aulizwe Bi Mboni. Wote wakageuka. Mama alikuwa ameegemea mnazi, anatafuna tambuu. Mimi nilikuwa ubavuni kwake, msichana wa miaka kumi na saba, na jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa yeye mwenyewe alinifundisha kama alivyofundishwa: ukifika jiwe jeupe, simama, chini yake si kwetu. Uweso alikuwa amesema kweli tupu, kweli ya mama yangu, ila kwa mdomo wake.

"Bi Mboni, tuchimbe?"

Mama akatema tambuu. "Mimi mbwa," akasema. "Mbwa haulizwi. Mwulizeni mwenye chupa."

Kicheko kikapigwa, na Zubeiri akaingia kisimani na mtaimbo. Nilifungua mdomo. Mama akanifinya mkono kwa kucha mpaka ngozi ikatoka. Nikanyamaza. Hilo nalo liandikwe: nilinyamaza.

Jiwe jeupe likatobolewa, na siku tatu maji yalijaa, tukaoga mpaka watoto. Zubeiri alitembea kifua mbele, na akina mama wakimwona Uweso walimwimbia, "Bahari imepanda, bahari imepanda!" Siku ya nne alfajiri mama aliteremsha kata, akaonja, akatema mchangani. Hakuonja tena. Alivuta kuti akalilaza juu, akakaa chini kitako.

"Kimekufa," akasema.

Kisima cha pili kilikuwa mashambani, mwendo wa saa nzima, na wenyewe walituchotesha kwa matusi. Cha msikitini kilitosha udhu tu. Wanawake waliofiwa hawakulia kama tulivyolia wiki ile. Zubeiri naye hakukosa la kusema: eti Uweso alikitilia dawa. Kundi la vijana likaenda chumbani kwake, wakalitoa lile kasha, wakazipasua chupa zote kwenye jiwe la uwanjani, moja moja, na yeye amesimama anatazama. Kazi ya wiki tano.

Kesho yake alikuja kisimani na kikapu na jembe. Akaanza kufukia lile tundu. Hakumwomba mtu msaada, na hakupewa. Mama alikwenda akakaa kivulini, akamtazama. Kutwa nzima alimwaga mchanga. Jioni akainua kichwa. Mama akasema, "Huo haushiki. Wa kichuguu."

Ndilo neno la kwanza alilompa baada ya "Asante, Uweso".

Vichuguu viko mbali, nyuma ya minazi. Uweso alibeba udongo ule kichwani kama mwanamke, safari baada ya safari, akaushindilia kwa miguu. Mwamvua akamuuliza, "Msomi, hiyo ndiyo digrii yenyewe?" Akajitwisha kikapu, akapita. Kila jioni alimtazama mama, na kila jioni mama alisema, "Bado." Siku ya tisa akasema, "Basi," akajipangusa kanga, akaenda zake. Uweso alisubiri kidogo pale pale, labda kuna neno lingine. Halikuwapo. Alirudi Makerere amechelewa, bila chupa hata moja.

Mtihani alipita. Kazi yake juu ya kisima chetu ikapigwa chapa kwa Kiingereza, na miaka mingi baadaye nilimpa mwalimu mmoja anisomee. Utepe umo, jiwe jeupe limo, mpaka udongo wa kichuguu umo. Mama yangu ni "mwanamke mmoja mwenyeji". Uweso aliujua ukoo wake mpaka babu wa saba, akashindwa kuandika jina Mboni.

Masika yalikuja, ikaja vuli, yakaja masika mengine. Asubuhi moja mama aliondoa kuti, akaonja. Akaonja tena. Akanipa mimi. Yalikuwa matamu, mazito kidogo kwa udongo, lakini matamu. Kabla hajamwambia mtu alijaza chupa, akafunga kwa kitambaa, akanituma nayo kwa mjomba Mwinyijuma aisafirishe kwa Uweso.

"Nimwambie nini?"

"Chupa itamwambia yenyewe."

Barua ilirudi baada ya mwezi, nikamsomea. *Shangazi, maji yamefika. Sikuyapima, nimeyaonja. Naomba ruhusa nije.*

Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Mwandikie," akasema, "kisima kina maji. Hakuna aliyekatazwa maji."

Akaja. Alisimama kisimani kwenye mstari, nyuma ya Mwamvua na ndoo zake, mpaka zamu yake ikafika. Mama akampa kata, akanywa. Vidole vilikuwa vimetakata.

"Shikamoo, shangazi."

Mama alipokea kata yake, akaikung'uta.

"Marahaba," akasema.

Hakumwita Baba, siku ile wala siku nyingine, mpaka tulipomzika mama mwaka wa themanini na mbili. Uweso ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.