Kiti Kitupu cha Wakantoni

Jumapili alasiri nilialikwa kwenye ghala la majongoo ya bahari, hapa Bagamoyo, ambako chama cha Wachina wa Kantoni hucheza opera yao ya kale, mchezo wa kuimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi, niliyetembea bandari nyingi, nikajiona mgeni rasmi. Nikajitupa kwenye kiti kitupu cha mbele.

"Mwanangu, inuka, hapo pana mtu," akasema mzee mwimbaji, uso umepakwa rangi.

"Yuko wapi, mzee wangu?"

"Mke wangu. Alifariki mwezi wa Ramadhani. Kwetu marehemu hukaa mbele."

Nikahamia nyuma, kitambi changu kikiomba radhi kila safu.

Mchezo ulikuwa wa majibizano ya mume na mke. Mzee akaimba zamu yake. Ikafika zamu ya mke, aliyokuwa akiimba marehemu, zeze likalia peke yake.

"Basi tena, chama kimekwisha," jirani yangu akanong'ona.

Ndipo binti yao akasimama na kanga yake mabegani, akaimba zamu ya mama hadi mwisho. Mzee akakiinamia kile kiti kama anayesikiliza, kisha akamgeukia.

"Mama anasema umeharakisha. Rudia."

Binti akarudia.

Siku hizi nikiambiwa chama fulani kimekosa watu, huuliza kama wamewahesabu na waliotangulia.