Fyuzi Iliyoviweka Rehani Visima Vyote

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mhandisi kutoka makao makuu alikuwa amekwisha kuijaza: diski nne, zote zimekufa, zitupwe. Palibaki nafasi ya saini ya fundi wa mitambo. Fundi huyo, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye idara nzima ya maji humwita Mama Kizibo, aliisoma mara mbili, akairudisha mezani.

"Sisaini."

"Mama, mashine zenyewe za enzi za babu zetu," mhandisi alicheka. "Nimewasha mara sita. Kompyuta haioni diski hata moja."

"Kutoziona si kufa kwake. Mimi nikivua miwani sikuoni, na bado upo hapo unapiga domo."

Ndani ya diski hizo mlikuwa na vipimo vya visima vyote vya wilaya, mwezi kwa mwezi, miaka ishirini na miwili. Nakala za tepu ziliozeshwa na paa lililovuja. Kama diski zilikuwa zimekufa kweli, hakuna ambaye angeweza tena kusema kisima kipi kinakauka.

Mama Kizibo aliingia idarani akiwa mpiga chapa. Waliozileta mashine walikaa siku tatu, wakaondoka na kuacha kitabu cha kurasa mia nne. Alikisoma chote, kamusi magotini, huku mumewe, fundi cherehani, akilalamika kwamba ameletewa mume mwenza ndani ya nyumba.

Humo alijifunza kwamba kompyuta, diski na kinasa tepu huungwa kwa kebo, kimoja baada ya kingine, na kwamba kila ncha ya msururu huo lazima ifungwe kwa kizibo. Bila kizibo, mawimbi ya umeme hufika mwisho, yakadunda na kurudi kuvuruga yale yanayokuja. Tangu hapo, yeyote aliyemlalamikia kuhusu mashine hizo aliulizwa kwanza: "Kizibo kipo?" Ndivyo alivyopata jina.

Safari hii kilikuwepo.

"Kipya kabisa," alisema mhandisi, akikigonga kwa kidole. "Nimekichomeka mwenyewe."

Mama Kizibo alikitazama, kisha akamtazama yeye. "Mlipoishusha mashine kutoka ghorofani juzi, kebo mliichomeka kabla ya kuwasha au baada?"

Mhandisi alikohoa. "Ilikuwa inawaka. Lakini ni sekunde tu, mama."

"Sekunde inatosha kuunguza kitu, mwanangu."

Kizibo nacho hula umeme. Hapo kililishwa na kompyuta peke yake, kupitia pini moja kati ya hamsini za kebo. Mama Kizibo alizima, akakichomoa, akawasha tena, akagusisha ncha ya mita ya umeme kwenye pini hiyo, ya thelathini na nane. Palipaswa kuwa na volti karibu tano. Mita ilisoma sifuri nukta mbili.

"Kizibo chako kina njaa," alisema.

Alizima kila kitu, akang'oa waya wa ukutani, akafungua kompyuta. Karibu na tundu la kebo palikuwa na fyuzi ndogo kama punje ya mchele, imelehemiwa kwenye bodi; umeme wa pini ile hupitia humo. Ilikuwa imeungua. Aliibandua, akalehemu nyingine ya kiwango kilekile, bila papara, mhandisi akimshikia tochi. Alipowasha na kupima tena, mita ilisoma nne nukta nane.

Akazima, akarudisha kizibo, akawasha diski kwanza, kisha kompyuta. Skrini ikaanza kuhesabu: diski ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ikasita. Ya nne.

"Mama," alisema mhandisi, na safari hii hakucheka. "Nionyeshe hiyo pini."

"Kwanza tunakili. Nakala mbili, vyumba viwili. Tukimaliza tutazima, ndipo nitakuonyesha. Na utaigusa ikiwa imezimwa."

Kunakili kulichukua saa nne na dakika kumi, na Mama Kizibo hakubanduka kitini. Kilipopita kipimo cha mwisho, alimpigia mumewe simu.

"Visima vipo."

"Vingapi?"

"Mia tatu na kumi na tisa," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyevichimba vyote kwa mikono yake.