Nafasi ya Meinwen Nyuma ya Jeneza

Huku kwetu bondeni mtu hana jina la wazazi tu, mtaa nao humpa lake. Muuza nyama ni Dilwyn Nyama, fundi wa paa ni Ieuan Vigae, na Meinwen Probert, aliyetuwakilisha miaka saba katika Bunge la Wales kule Cardiff, alikuwa Meinwen Mazishi. Hakuchukia. Jina hilo lilimletea kura nyingi kuliko chama chake, na wakubwa wa chama walilijua hilo ingawa hawakupenda kulisema.

Jina lilianza hivi. Zamani jeneza likitoka nyumbani hapa Cwm Helygen, walioandamana nalo mpaka makaburini walikuwa wanaume peke yao. Wanawake walibaki ndani, mapazia yamefungwa, wakikata nyama ya nguruwe na kupaka mikate siagi. Basi mwaka 1985, mgomo wa migodi ulipokwisha, akafa mzee mmoja aliyekuwa amelishwa mwaka mzima na jiko la wanawake waliowapikia wagomaji. Mpishi mkuu wa jiko hilo, Meinwen, akavaa koti lake jeusi akaingia mwisho wa msafara, kando ya Dilwyn Nyama. Wanaume waligeuka kumtazama kana kwamba ameingia bafuni kwao. Dilwyn akawaambia barabara ni ya halmashauri, atakaye kutembea atembee. Tangu siku hiyo Meinwen hakukosa maziko hata moja, na mahali pake palikuwa palepale, mwisho kabisa, kushoto kwa Dilwyn.

Kilichowashangaza watu ni jinsi alivyowahi. Alifika kwenye nyumba ya msiba na keki yake ya zabibu kabla ya daktari, na mara nyingine alifika jana yake, mgonjwa bado anaongea. Watu wakasema ana huruma, akapigiwa kura ya udiwani wa kijiji, kisha wa kaunti, na mwaka 1999 chama kikamweka katika orodha yake ya mkoa. Aliyejua siri alikuwa mmoja tu, mumewe Idwal. Meinwen alifika mapema kwa sababu alikuwa ameshayaona maziko yenyewe.

Uwezo huo wa kuona aliurithi kwa bibi yake mzaa mama. Jambo lenyewe huja mchana, ukungu ukishuka mlimani. Barabara hujaa ghafla wanaume wa kijiji waliovaa nyeusi, na jeneza liko mbele yao. Wote ni wazima wa afya, wengine umewaacha dukani sasa hivi wakinunua gazeti. Hawatoi sauti, hata ya viatu. Unanusa dawa ya kufukuzia nondo na makoti ya sufi yaliyolowa. Wala hawakupishi, na usipowahi kujibanza ukutani watakusukuma mpaka pumzi ikukate. Bibi alimfundisha jambo moja tu, akalirudia mara nyingi: asijisumbue na waliopo, amtafute aliyestahili kuwepo na hayupo, maana huyo ndiye aliyemo ndani ya sanduku.

Idwal alikuwa mchimba makaa mstaafu, na vumbi la mgodini lilikuwa limemkaa kifuani. Mtu mtani kupita kiasi. Mkewe akirudi nyumbani amepauka, alijua, akaweka birika motoni na kumwuliza, "Haya Mheshimiwa, na mimi nilikuwa natembea?" Naye Meinwen humjibu alikuwa anatembea, na tai ameifunga vibaya kama kawaida yake. Hapo wote wawili hucheka kidogo na Meinwen huvua koti. Aliwahi kumwambia Idwal kwamba anahisi cheo chake chote amekiiba kwa maiti. Idwal akasema hakuna aliyekufa kwa kuonwa, hebu apike keki yake aache makuu.

Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka 2006, Meinwen alishuka basi saa tisa alasiri karibu na kanisa, mkononi ana mfuko wa mafaili. Ukungu ulikuwa umeficha paa za nyumba. Hakupata hata muda wa kujihami. Bega la mtu lilimpiga kifuani, akarudi nyuma mpaka ukuta wa kanisa ukamgonga mgongoni, na alipofumbua macho jeneza na watu wa mbele walikuwa wameshapita. Safu za katikati zilimbana. Aliwatambua mmoja mmoja, Ieuan Vigae, mchungaji mpya, mapacha wa posta, wote wakitazama mbele kwa macho yasiyomwona. Mbavu zilimuuma, akashindwa kuvuta pumzi.

Kisha ukaja mwisho wa msafara. Dilwyn Nyama alikuwa anatembea peke yake. Kushoto kwake, pale Meinwen alipozoea kujiona mwenyewe katika kila ono, palikuwa na nafasi ya upana wa mtu mmoja, na hakuna aliyeiziba. Dilwyn, ambaye hakulia hata alipomzika baba yake, alikuwa analia mdomo wazi bila sauti.

Meinwen alielewa. Katika kijiji hiki kizima kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyestahili kuwa pale, na hakuwepo. Aliokota mafaili yake barabarani, yamelowa yote, akaenda nyumbani.

Idwal alimtazama usoni. "Mimi nilikuwa natembea?" akauliza, na safari hii hakusema Mheshimiwa.

"Ulikuwa mbele kabisa," Meinwen akasema. "Na tai ile ile."

Mbele hakupaona. Lakini hakujiona kuwa amedanganya, maana mume atakuwa wapi kama si nyuma ya jeneza la mkewe? Idwal hakucheka. Aliingia jikoni kuandaa chai akakaa huko kitambo, akikohoa.

Kwa kawaida kati ya maono na kifo hazikupita wiki sita, na Meinwen alijua atazitumiaje. Kule Pontarwen kuna kliniki ya vifua, na chama chake mwenyewe kilikuwa na mpango wa kuifunga. Kura ingepigwa Novemba. Ikifungwa, Idwal angepanda mabasi mawili kwenda kupata hewa ya mtungi, na yeye Meinwen, aliyekuwa akimwendesha kwa gari, atakuwa chini ya udongo. Roho ilimuuma kwa hilo kuliko kifo chenyewe. Akaamua kliniki haifungwi. Hicho ndicho angemwachia mumewe.

Jumapili, alipokuwa anapanga sanduku la safari, Idwal alisimama mlangoni. "Kaa nyumbani wiki hii, Meinwen."

"Siwezi, mume wangu. Siku zimenibana."

"Najua zimebana," Idwal akasema, akamshushia sanduku mpaka kwenye gari, ingawa ngazi zilimchosha.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Jumatatu treni ya Cardiff, Alhamisi kurudi hoi. Mwanamke aliyekuwa akipiga kura alivyoelekezwa alianza kuwakamata wabunge kwenye korido na kuwaambia ukweli wao. Mnadhimu wa chama alimtishia kwamba jina lake halitaonekana tena kwenye orodha, na Meinwen nusura acheke. Kutishiwa uchaguzi ujao, yeye! Lakini akiwa peke yake aliogopa sana. Alivuka barabara kama mtoto anayefundishwa, akajipapasa kifua kila asubuhi akitafuta uvimbe, na kila lifti iliyotikisika alidhani ndiyo hiyo. Alimwandikia Idwal barua akaificha chini ya soksi. Wikendi alizokuwa nyumbani alipiga simu za watu mpaka chakula kikapoa. Idwal alikula akimtazama.

Jumatano ya kura, Meinwen alisema dakika nne bila karatasi, na kliniki ikapona kwa kura moja. Watu walisimama kumpigia makofi. Alitoka nje kumpigia simu Idwal, na aliyepokea alikuwa wifi yake, Morfudd. Idwal alikuwa amefariki saa nane mchana, ameketi kwenye kibanda chake cha vioo bustanini, katikati ya mboga zake za liki, jamii ya vitunguu, alizokuwa anazitayarisha kwa maonyesho.

Siku ya maziko ukungu ulishuka. Morfudd alikuja na maagizo aliyoachiwa na kaka yake: maziko ya kizamani, wanaume peke yao, Meinwen asitoke. Kijiji kilipigwa na butwaa. Dilwyn Nyama alikuja mpaka mlango wa jikoni, koti limelowa, akamwambia mahali pake papo na hakuna mtu atakayepagusa. Kisha akaondoka, jeneza lilikuwa linanyanyuliwa.

Meinwen alivaa koti. Alijiambia kwamba akitoka, akaijaza ile nafasi, basi alichokiona kitakuwa si haya maziko, na kama si haya, huenda Idwal hayumo mle ndani. Alishika kitasa.

"Wifi, usitoke," Morfudd akasema. "Alijua. Siku ile ulipoingia umelowa, alinipigia simu. Alisema, 'Ameona sipo, na hawezi kuniambia.' Akasema msafara wake umeshakubana mara moja, hataki ukubane tena, ukae jikoni kwenye joto."

Meinwen alikizungusha kitasa nusu.

"Na kukimbilia kwako Cardiff hakukukasirikia," Morfudd akaendelea. "Alisema huwezi kumtazama, basi tukuache uende."

Nje hapakusikika kitu kwanza. Halafu vikasikika viatu, vingi, vya kweli, vikipita dirishani nyuma ya pazia. Meinwen alisikiliza mpaka wa mwisho alipopita, Dilwyn peke yake, anaburuta mguu na kulia kwa sauti. Aliachia kitasa akaketi mezani na koti lake, mbele ya mikate iliyopakwa nusu.

"Nilidhani ni mimi," akasema. "Mbele sikutazama, wifi. Yeye sikumtafuta hata kidogo."