Afisa Alipotusindikiza

Mwezi uliopita binti yangu aliingia jikoni na boksi la sabuni, na ndani yake alikuwa amelala mtoto wa mbwa. Kabla sijamuuliza amemtoa wapi, harufu ilishanifikia: maziwa, moshi wa kuni, na mkojo wa mbuzi kwa mbali. Mikono ikanitoka jasho, mimi mtu mzima ninayefuga mbwa miaka yote. Wenzangu, harufu ina ukorofi wake. Inakuchukua inakotaka, wala haiulizi kama una ugali motoni. Mimi ilinipeleka kwenye korongo moja la Kansay, nikiwa darasa la tatu, na mbwa mkubwa yuko nyuma yangu.

Kwetu ni kijiji cha Qurus. Baba alikuwa dereva wa watalii. Akipata wageni aliondoka nao kwenda Ngorongoro, pengine wakapitiliza hadi mbuga za mbali, na sisi tukabaki na mama na mbuzi wetu. Akirudi alikuja na hadithi. Mara simba alikuja kujilaza kwenye kivuli cha gari lake, mara tembo alisimama mbele ya boneti akipepea masikio, wageni wanalia huko nyuma, yeye katulia anamenya ndizi. Tulimwamini kabisa. Shuleni nilitangaza kwamba baba yangu haogopi kitu chochote chenye miguu, na hakuna aliyebisha.

Masika ya mwaka ule fisi walizidi. Walibomoa banda wakaondoka na mbuzi mwenye mimba, na mama alitoka na tochi na mwiko wa ugali, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Baba aliporudi, mama alimwambia taratibu tu kwamba halali tena peke yake na watoto kwenye nyumba isiyo na mbwa. Baba akasema labda taa ya sola ingetosha. Akasema labda seng'enge. Akasema mbwa wana viroboto. Mama akamwangalia. Sisi watoto tulijua mama akimwangalia mtu namna ile, maongezi yamekwisha.

Mbwa wa kuaminika walipatikana Kansay, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Bura. Mbwa wake walilala zizini tangu hawajafumbua macho, wakakua wakiamini mbuzi ni ndugu zao wa tumbo moja, na fisi akisogea walimfanya ajute. Watu walitoka mpaka Mbulu kuja kumwomba mtoto wa mbwa. Lakini mama yule alikuwa na sharti. Anayekuja kumchukua lazima awe yule atakayemlisha, na nyumbani kwetu kulisha kila chenye mdomo ilikuwa kazi yangu.

Basi nikachaguliwa mimi, niliyeogopa mbwa kuliko kitu kingine chochote duniani. Shuleni tuliambizana kwamba ukiumwa na mbwa unadungwa sindano za tumboni, ndefu kama zile za kushonea magunia, na ukichelewa unaanza kubweka. Asubuhi ile sikumaliza hata uji.

Tuliazima pikapu ya baba mdogo. Mvua ilikuwa imeila barabara, kwa hiyo tuliiacha kwenye duka la mwisho, tukashuka korongo kwa miguu na kupanda ng'ambo, baba kashika mfuko wenye sukari na kitenge vya kumpelekea mwenyeji. Njia nzima alinisimulia habari za magari, gari gani linapanda mlima bila kulalamika na gari gani linakunywa dizeli kama halina akili. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi, nikaona leo nimepata bahati.

Aliyetupokea ni Afisa. Huyo ndiye mbwa mwenyewe, mama wa watoto wote wa mbwa wa pale, rangi ya udongo mkavu, kifua kipana, sikio moja limechanika. Waliomwita hivyo hawakukosea, maana hakuna aliyeingia pale bila kukaguliwa. Alininusa magoti, akaninusa mikono, akafika tumboni. Nilikaza tumbo kwa ajili ya ile sindano. Baba alisimama wima, mikono ameikunja kifuani, akimwamkia Mama Bura kwa Kiiraqw cha kwetu, kwa adabu nyingi na sauti ndogo. Nikajisemea, ona mtu asiyeogopa anavyosimama.

Mama Bura aliingia zizini akatoka na dume dogo lenye doa jeupe kifuani, akalitumbukiza ndani ya sweta langu, ngozi kwa ngozi. Alisema lianze kunijua kwa jasho langu, jina litafuata baadaye. Lilikuwa la moto, na moyo wake ulikwenda mbio kuliko wangu. Baba akauliza kama Afisa atafungwa kamba tukiondoka. Mama Bura alimshangaa. Ukimfunga, alisema, anasusa chakula, anawaacha mbuzi, kisha anazunguka vijiji vya watu akimtafuta mwanawe.

"Hata ninyi mngeondoka bila kusindikizwa mngejisikiaje?" akasema. "Basi na huyu atasindikiza. Roho yake ikitulia atarudi mwenyewe. Msikimbie tu, na msiokote jiwe."

Baba akamuuliza, kwa heshima zote, kama na yeye mwenyewe hatatusindikiza. Mama Bura akacheka, akasema mbuzi wanamsubiri.

Jamani, nimesindikizwa na wengi maishani, wengine mpaka mlangoni kwangu kwa sababu ya utamu wa maongezi, lakini sindikizo lile sitalisahau. Baba aliniambia nitangulie, yeye atakuja nyuma yangu. Njia ilipita kwenye mbaazi, ukungu haujainuka, na nyuma ya baba nilisikia kucha zikigusa mawe. Tukienda polepole, kucha zinakwenda polepole. Tukiharakisha kidogo, nazo zinaharakisha. Baba alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa pua, ubeti mmoja tu, ukiisha anauanza upya. Mtoto wa mbwa akilia ndani ya sweta, pumzi ya Afisa ilisogea karibu. Niliwaza nikimtupa huyu mdogo nitapona, halafu nikamkumbuka mama na mwiko wake, nikamkumbatia.

Kule chini ya korongo ndala yangu ilinasa kwenye tope. Nikavuta mguu, ndala ikabaki. Baba akainama kuichomoa.

Mtoto yeyote wa kwetu anajua ukikutana na mbwa mkali unainama, maana anadhani unaokota jiwe, anakimbia. Afisa hakuwa mbwa wa kukimbia. Alikuja kwa mruko mmoja, meno yote nje, na mngurumo ule niliusikia mpaka kwenye magoti. Baba aliinuka akapanua mikono, mgongo wake ukanifunika. Mbwa huku, mimi huku, yeye katikati, na ndala yangu mkononi mwake ikidondosha tope. Nilijua kabisa ataliwa. Nilijua nitamwona baba yangu akiliwa, halafu itakuwa zamu yangu.

"Mena," akaniambia bila kugeuka, "mweke mtoto chini. Taratibu, mama."

Nikamwambia baba kwamba Afisa atarudi naye.

"Akirudi naye ni wake. Mweke."

Nikamtoa kwenye sweta nikamweka kwenye majani. Afisa aliacha kunguruma. Alipita ubavuni mwa baba, karibu kiasi kwamba suruali ya baba ilichukua manyoya, akamnusa mwanawe mbele na nyuma, kisha akajilaza palepale njiani na kumnyonyesha. Nasi tukasimama. Manyunyu yalianza, hakuna aliyefuta uso. Sijui tulisimama kiasi gani, najua tu mguu wangu usio na ndala ulikufa ganzi. Mwishowe Afisa akainuka, akamlamba mdogo kichwani, akaja kuninusa mikono tena, safari hii bila haraka. Kisha akapanda njia ya kwao, hakuangalia nyuma.

Nilimrudisha mdogo kwenye sweta nikilia kwa kelele. Baba alikuwa amelowa shati lote, nikadhani ni yale manyunyu. Kwenye pikapu ufunguo ulikataa kuingia mahali pake, ukagonga huku na kule, nikadhani gari ni bovu, maana la baba mdogo lilikuwa na sifa hizo.

Mbwa yule tulimwita Doa. Fisi walihamia kwa wengine, mama akalala usingizi wake, na mimi nikawa mtu wa mbwa tangu siku ile. Niliwaza, kama baba aliweza kusimama mbele ya Afisa akaniongelesha kama tuko mezani, basi mbwa ni kitu gani? Kweli sikumwona hata siku moja akimgusa Doa, lakini nilichukulia kwamba wababa hawana kawaida ya kushikashika wanyama.

Nimekuja kujua ukubwani, kwa shangazi yangu, dada yake baba, siku tunachambua maharage. Alinisimulia kwamba baba akiwa mdogo, akichunga mbuzi, mbwa wa boma jirani walimwangusha wakamchana miguu, msimu mzima wa kulima hakutembea, na sindano zile alidungwa kweli. Tangu hapo alikuwa radhi kuzunguka kilima kizima kuliko kupita penye mbwa. Shangazi akacheka, akasema unadhani kwa nini alisomea udereva? Alitafuta kazi ambayo miguu haigusi chini.

Mimi sikucheka. Niliona aibu ya furaha, kama ipo aibu ya namna hiyo. Mtu aliyekuwa na hofu kuliko wote kwenye korongo lile hakuwa mimi, na yeye hakuwa na mgongo wa kujifichia.

Jumapili iliyofuata baba alikuja kwangu kula. Siku hizi amestaafu, anatembelea fimbo. Tulipokaa barazani nikamuuliza kwa nini hakumtuma baba mdogo siku ile ya Kansay.

"Ungeniona nimekataa kwenda," akasema, "na wewe ungekataa maisha yako yote."

Alisema hivyo miguu yake yote miwili ikiwa juu ya stuli, macho hayabanduki kwa mbwa wangu mkubwa aliyekuwa amelala ukingoni mwa baraza. Nikainuka, nikavuta kiti changu, nikakaa katikati yao.