Mbaazi za Kwenye Ungo

Nilisaga unga Maisaka mpaka masikio yakanishinda. Mashine niliiacha, yenyewe haikuniacha: mlio mwembamba kichwani, mchana kutwa. Daktari alisema hana dawa ya kuuondoa. Akanishauri nikipumzika niwe na sauti ndogo pembeni, isiyouzidi ule mlio, ili kichwa kipate kitu kingine cha kusikiliza. Nilimwona ananitania. Kelele ndiyo iliyoniharibu, leo ananiandikia kelele.

Nikawasha redio hivyo hivyo, na sisemi uongo, ilisaidia. Nikalala mchana. Ila mume wangu kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono na mguu wa kulia, na sauti yake imebaki ya kunong'ona. Siku hiyo aliniita nimpeleke chooni, mimi nimelala na redio yangu. Nilipoamka nilimkuta amelowa, amegeukia ukutani. Nilimwosha, nikaifungia redio kabatini.

Mlio ukarudi, usingizi ukaondoka. Nikawa mbogo. Hata jirani aliyetuletea maziwa nilimfokea, maskini, kosa lake kubisha hodi.

Siku moja mume wangu akaomba ungo na mbaazi tulizovuna shambani Bagara.

"Baba, kwa mkono mmoja utachambua mpaka lini? Mpaka mavuno mengine?"

"Niletee tu."

Akauweka ungo mapajani, akaanza kuzizungusha mbaazi kwa mkono wa kushoto, taratibu. Shaa, shaa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu yake, nikalala palepale. Alipotaka maji aliacha kuzungusha, na ule ukimya ukaniamsha.

Ikawa ndiyo kawaida yetu kila tukishakula mchana. Shida zake zote nilizijua kwa ungo kunyamaza. Baada ya muda nikaona mbaazi hazipungui wala takataka hazionekani, nikamuuliza anachambua nini.

"Hizi zilishakuwa safi zamani," akasema. "Wewe lala."

Nilicheka, halafu nikalia. Nilimpenda sana mchana ule, na sikumwambia.

Mvua za vuli zilipoanza, ungo ukanyamaza nikaamka. Nikamuuliza, "Maji, au chooni?" Mkono ulikuwa bado ndani ya mbaazi. Nikauliza tena. Nikaushika, nikajua.

Msibani nilikaa chini na wanawake wenzangu, watu wamejaa mpaka uani, wanaongea, wanaimba. Sauti zote zile, na bado niliusikia mlio. Nilikuwa nangoja waondoke nikauchukue ungo.

Mama mmoja wa Nangara, aliyekuwa akipika, akaja kuniinamia. "Pole, mama. Ila mbaazi zako ni safi, hata hatukuchambua."

Nikamuuliza zimebaki kiasi gani.

"Hakuna kilichobaki. Watu ni wengi, tumezipika zote."

Akaniletea sahani. Nikanawa, nikala.